Septemba kwenye mto Susquehanna: kayaki isimame wapi ili besi asikukimbie

Msomaji mmoja anayeishi Harrisburg, Pennsylvania, mzaliwa wa Kigoma, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Mwaka huu nilinunua kayaki iliyotumika, kale kamtumbwi kembamba ka mtu mmoja, na nimekuwa nikivua besi mdomo-mdogo (yule samaki Wamarekani humwita smallmouth bass) kwenye mto Susquehanna. Julai na Agosti nilikuwa napata wadogo wadogo kwenye maji yanayokwenda kasi. Tangu Septemba iingie, pale pale, sipati kitu. Ninachoambulia ni kuona samaki wakubwa wakichomoka chini ya kayaki na kutokomea. Je, wameshahamia vilindini? Nibadilishe chambo? Halafu mke wangu hapendi niende peke yangu, na kila nikirudi ananiuliza samaki wa kula yuko wapi. Nisaidie."

Marahaba, mwanangu. Nianze na hao wanaochomoka chini ya kayaki, maana jibu lako liko hapo. Samaki hawajahama. Wapo, umewaona kwa macho yako, na ni wale wale wakubwa unaowatafuta. Tatizo ni kwamba wewe unafika juu yao kabla chambo chako hakijafika. Kwa hiyo kabla hujatoa hela kununua chambo kingine, jifunze kwanza mahali pa kuisimamisha hiyo kayaki.

Fikiria mto wenyewe ulivyo mwezi huu. Pale Harrisburg Susquehanna una upana wa kama kilomita moja, lakini sehemu nyingi maji hayafiki kiunoni. Septemba mvua zikiwa chache, mto unashuka na maji yanakuwa maangavu kiasi kwamba unahesabu kokoto chini. Samaki naye anakuona vivyo hivyo: anaona kivuli chako, anaona kafi likipanda na kushuka, anasikia kila kitu kinachogonga plastiki ya kayaki. Julai ulikuwa unawavua wale wadogo kwenye maji ya povu, ambako povu lenyewe lilikuficha na kelele za maji zilimeza kelele zako. Sasa joto limepungua, na wakubwa wametoka kwenda kwenye maji mapana, mafupi (yaani yasiyo na kina), yanayotembea polepole. Huko hakuna cha kukuficha.

Kwa nini wametoka? Kwa sababu ya joto na kwa sababu ya chakula. Nunua kipimajoto kidogo cha maji, kifunge kwa kamba kwenye kayaki, na uupime mto kila unapokwenda. Maji yakiwa juu ya nyuzi 75 za Farenhaiti, yaani kama 24 za Selsiasi, bado ni kiangazi kwa samaki hata kama kalenda inasema vinginevyo: wengi watabaki karibu na maji yenye kasi, kwenye hewa nyingi. Yakishuka kati ya 70 na 60 (nyuzi 21 hadi 16 hivi) umeingia kwenye wiki nzuri kuliko zote za mwaka. Samaki anakula kwa bidii kujiandaa kwa baridi, na anatembea kutafuta. Ni hadi yafike karibu na 55 (13) ndipo wanaanza safari ya kwenda kwenye vilindi vya kulala majira ya baridi, na baadhi yao husafiri kilomita nyingi kufika huko. Safari hiyo kwa kawaida ni ya Oktoba mwishoni na Novemba. Kwa hiyo swali lako la vilindi, jibu ni bado.

Chakula ni cha namna mbili. Kuna vidagaa, wale samaki wadogo waliozaliwa majira ya kuchipua, ambao sasa wamefikia urefu wa kidole na wanaogelea kwa makundi kandokando ya majani na juu ya changarawe. Na kuna kamba wa maji baridi wanaoishi chini ya mawe. Wewe ni mtu wa Kigoma, umeona migebuka wanavyowazingira dagaa mpaka maji yanachemka. Besi wa Septemba hufanya jambo hilo hilo, ila wakiwa wawili watatu, kwenye maji ya magotini, na dakika mbili baadaye kimya. Ukisikia mchapo wa maji mahali pafupi, usipige kafi kukimbilia. Kaa ulipo, tazama mkondo unaelekea wapi, kisha jipange.

Sasa nije kwenye kujipanga kwenyewe. Kaskazini ya mji, pale mto unapokata milima kuanzia Dauphin hadi Rockville, chini ya maji kuna safu za miamba zinazovuka mto kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiteremsha kayaki kwenye kituo cha Fort Hunter, utaziona hata kabla hujafika lile daraja la mawe la reli la Rockville, la mwaka 1902, lenye matao 48. Besi mdomo-mdogo si mwenyeji wa mto huu. Asili yake ni Maziwa Makuu ya Amerika na mito ya Ohio na Mississippi. Mwaka 1854 wachache walisafirishwa kwa treni, ndani ya tangi la maji la injini, wakamwagwa kwenye mto Potomac, na baadaye wakapandikizwa Susquehanna pia. Walistawi kwa sababu ya miamba hii hii. Ni samaki wa mawe na maji yanayotembea, na mahali pasipo na kimoja kati ya hivyo viwili usipoteze muda.

Chukua safu moja tu ya mwamba na uitazame vizuri. Maji yanaijia kutoka juu, yanapanda kidogo, yanakuwa laini kama yamepigwa pasi, halafu yanaangukia upande wa pili kupitia nyufa na mapengo. Chini ya kila pengo kuna ulimi wa maji ya kasi, na pembeni mwa ulimi huo kuna maji yanayojizungusha polepole. Mpaka kati ya hayo mawili unaonekana kwa macho: povu dogo na majani makavu yanafuatana kwa mstari. Watu wengi hutupa chambo kwenye mstari huo, na ni sawa, kuna samaki. Lakini mkubwa kuliko wote, Septemba, mara nyingi hayupo chini ya mwamba. Yuko juu yake, upande maji yanakotoka, kwenye yale maji laini kabla ya kuanguka, amelala mbele ya jiwe, kichwa kikitazama juu ya mto. Maji yanapogonga mwamba yanapunguza nguvu hapo, kwa hiyo anapumzika bila kusukumwa, na kila kinacholetwa na mkondo kinapita mbele ya mdomo wake. Na wewe, ukiteremka na mkondo katikati ya mto, unampitia juu ya kichwa. Huyo ndiye unayemwona akichomoka.

Basi usiteremke juu yake. Ukiona safu ya mwamba mbele, anza kusogea pembeni mapema, mita hamsini au zaidi kabla hujaifikia. Pitia pengo lililo mbali na lile unalotaka kuvua, angalau mita ishirini na tano upande. Ukishavuka, geuza pua ya kayaki na uiingize kwenye maji tulivu yaliyo nyuma ya mwamba, na hapo upumzike kidogo. Sasa uko upande wa chini wa mkondo, nyuma ya samaki. Tupa chambo kuelekea maji yanakotoka, kipite juu ya mwamba na kutua mita tatu nne mbele ya maji laini, kisha kiache kirudi na mkondo kwa mwendo wa mkondo wenyewe. Wewe unakusanya mshipi uliolegea tu, huvuti. Chambo kinamjia samaki kutoka kule ambako chakula hutoka siku zote, na wewe uko upande asioutazama.

Namna ya kusimama ina mambo yake. Sipendi nanga kwenye mto wenye mkondo, na nakuomba wewe pia usiitumie. Nanga ikinasa kwenye mwamba na kamba ikiwa imefungwa ubavuni, mkondo unakilaza chombo chako kabla hujashika kisu. Kayaki ya kukalia juu ina njia salama zaidi: panda na pua yake kidogo kwenye jiwe lililo wazi, au tafuta maji ya magotini yasiyo na nguvu na ushushe miguu pande zote mbili kuishikilia. Kama mahali hapakuruhusu kusimama kwa njia hizo, piga kafi kinyumenyume, polepole, huku ukitupa. Kafi liweke mapajani, usilitupe sakafuni. Tandika kipande cha zulia chini ya kisanduku cha vyambo. Jua likiwa mgongoni, hakikisha kivuli chako hakitangulii kufika unapotupa. Vitu hivi vinaonekana vidogo, lakini kwenye maji maangavu ya Septemba ndivyo vinavyotofautisha anayepata na asiyepata.

Kuhusu chambo sitaandika mengi, kwa sababu besi wa mwezi huu hachagui sana akiwa hajashtuka. Beba vya aina tatu. Cha kwanza ni kile cha mpira chenye umbo la bomba na nyuzi nyuzi mkiani, rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, kwenye ndoano yenye risasi ya gramu tatu na nusu hadi tano. Hicho anakiona kama kamba wa maji baridi, na ndicho cha kutumbukiza mbele ya mwamba. Cha pili ni kisamaki cha mpira laini, cheupe au cha rangi ya fedha, kisicho na risasi, cha kuvuta kwa kukatakata karibu na uso wa maji pale vidagaa walipo. Cha tatu ni cha juu ya maji, kile kinachopiga kelele au kuyumba kulia na kushoto. Hicho kitumie alfajiri na magharibi, na siku ya mawingu kitumie mchana kutwa. Akikirukia akakikosa, usikinyakue. Kiache kitulie, hesabu hadi tatu, kitikise kidogo tu. Mara nyingi anarudi.

Fimbo ya futi saba yenye ncha nyepesi inatosha, na rili ndogo (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) yenye mshipi wa kusuka wa ratili 10. Mbele yake funga kipande cha mshipi wa fluorokaboni, ule usioonekana sana majini, wa ratili 8, kirefu kama kimo chako, kwa sababu mshipi wa kusuka unaonekana sana kwenye maji haya. Na jiandae kwa majani. Mwezi huu majani ya majini yaliyoota kiangazi chote yanaanza kukatika na kuelea, na kila chambo chenye ndoano tatutatu zinazoning'inia kitarudi na shada. Ndoano moja, ncha yake ikiwa imefichwa ndani ya mpira, itakupunguzia hasira. Majani ambayo bado yameota ni mali: ukiona kitanda cha majani na mkondo ukipita ubavuni mwake, pitisha kisamaki cheupe sambamba na ukingo, kisitoke nje zaidi ya urefu wa fimbo.

Saa za kuvua zinabadilika ndani ya mwezi huo huo, na hapa wengi hukwama kwa sababu ya mazoea. Wiki ya kwanza ya Septemba alfajiri bado ni bora. Mwishoni mwa mwezi jua linachomoza karibu saa moja asubuhi, usiku umekuwa wa baridi, na maji ya asubuhi yanakuwa yamepoa; samaki anasubiri jua liyapashe. Usiku ukiwa wa baridi kali, lala. Teremka saa nne, na usiondoke mtoni kabla ya saa kumi na moja jioni, maana saa nane mchana hadi jioni ndio muda ambao vidagaa wanapanda kwenye maji mafupi yenye joto na besi wanawafuata. Mvua ndogo inayotia maji rangi ya chai ni neema: samaki anakuwa haoni mbali, unaweza kumsogelea, na anauma bila kusitasita. Mvua kubwa ni habari nyingine kabisa. Septemba ni mwezi wa mabaki ya vimbunga kufika Pennsylvania. Mwaka 2011 mabaki ya dhoruba ya Lee yaliufurisha mto huu mwezi huo huo. Shirika la Jiolojia la Marekani lina kipimo cha kimo cha maji pale Harrisburg, unakisoma kwenye simu. Maji yakiwa ya chini, kinasoma kati ya futi tatu na nne. Kikipanda futi nzima kwa usiku mmoja, baki nyumbani hata kama jua linawaka, kwa sababu maji hayo yalinyesha mbali na bado yanakuja.

Hapo nafika kwa mama watoto. Mke wako ana haki. Ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningekukataza kwenda peke yako mpaka umeujua mto pamoja na mtu mwingine. Kitu cha kwanza cha kujua ni bwawa la Dock Street, chini kidogo ya kisiwa cha City Island, mjini kabisa. Ni ukuta mfupi unaovuka mto mzima. Ukiwa unakuja kutoka upande wa juu wa mto huuoni. Unaona maji yamenyooka tu mpaka mbele. Upande wa chini maji yanajikunja na kurudi kwenye ukuta, na anayeangukia humo anazungushwa bila kutoka, hata awe muogeleaji hodari na hata maji yakiwa machache. Limeshaua watu wengi. Kuna maboya na mabango ya onyo, lakini wewe usisubiri kuyaona. Ukianzia Fort Hunter, panga kutokea West Fairview upande wa magharibi, gari la kukurudisha likiwa limeshaachwa hapo, na usiteremke zaidi.

Jaketi okozi livae, usilikalie. Sheria ya Pennsylvania inalazimisha kulivaa kwenye kayaki kuanzia Novemba mosi hadi Aprili 30, na miezi mingine inataka liwemo tu chomboni. Lakini jaketi lililofungwa nyuma ya kiti halimsaidii mtu aliyegonga kichwa kwenye mwamba. Beba filimbi, simu kwenye mfuko usioingia maji, na nguo kavu. Mkondo ukikusukuma ubavu kwenye jiwe, egemea jiwe. Mwili utataka kukimbilia upande wa pili, na ukiufuata, maji yanaingia ndani na kayaki inapinduka. Ukianguka kwenye maji ya kasi, lala chali, miguu mbele na juu, na usijaribu kusimama mpaka ufike maji tulivu ya magotini, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe mkondo unakulaza kifudifudi. Mwachie mke wako maandishi: umeingilia wapi, utatokea wapi, saa ngapi apige simu kama hujarudi.

Na hilo la samaki wa kula. Kuanzia bwawa la Sunbury hadi bwawa la Holtwood, ambapo Harrisburg imo katikati, kanuni ya Tume ya Samaki na Boti ya Pennsylvania ni kwamba besi anarudishwa majini papo hapo. Kuanzia mwaka 2005 mto huu uliona besi wachanga wakifa kwa wingi kwa maradhi, idadi ikaporomoka, na kanuni hiyo ni sehemu ya sababu leo unawaona wakubwa chini ya kayaki yako. Mwenye urefu wa inchi 15 ana umri wa miaka mitano au sita hivi. Kwa hiyo bana kwa koleo vile vimwiba vya nyuma ya ncha ya ndoano, lowesha mikono kabla ya kumshika, mbebe kwa mdomo huku mkono mwingine ukimtegemeza tumbo, na asikae nje ya maji kupita muda ambao wewe mwenyewe ungeweza kuzuia pumzi. Ukiwa na simu, piga picha yeye akiwa majini. Leseni ya uvuvi ni lazima kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi, na kayaki inayoteremshwa kwenye vituo vya Tume inahitaji kibali au usajili. Kama aliyekuuzia hakukwambia, shughulikia wiki hii kabla hujatoka tena. Soma pia kitabu cha kanuni za mwaka huu, kwani hubadilika.

Kwa ajili ya sufuria, mwambie mkeo kambare wapo. Mto una kambare wengi na kanuni zinaruhusu kuwachukua. Soma kwanza ushauri wa afya wa jimbo kuhusu kiasi cha kula samaki wa mto huo, hasa kama nyumbani kuna watoto wadogo au mama mjamzito, na chagua wale wa wastani kuliko majitu. Jua likizama, shusha kipande cha nyama ya samaki kwenye kilindi kilicho chini ya mwamba ule ule uliokuwa ukimvua besi mchana, ukiwa umesimama ufukweni, kayaki imeshafungwa juu ya gari.